Pasi ya Reli kwa Mjumbe Aendaye Ng'ambo

Mara kwa mara chama cha ushirika hupata mwaliko wa kumpeleka mjumbe wake nje ya nchi, ama kwa mafunzo mafupi, ama kwa mkutano, ama kujionea jinsi wakulima wa huko wanavyoendesha vyama vyao. Mwaliko huo aghalabu hueleza wazi nauli ya ndege na malazi. Jambo linalosahaulika ni usafiri wa ndani ya nchi aendako mjumbe. Huko ng'ambo usafiri huo kwa sehemu kubwa ni wa treni, na nauli zake ni ghali. Mjumbe asiyeandaliwa hufika stesheni, akalipa bei anayotajiwa, na aliporudi nyumbani masurufu aliyopewa hayatoshi tena kwa hesabu.

Ndipo mtu humshauri katibu kwamba ipo pasi ya reli ya watalii, hulipiwa mara moja kabla ya kuondoka, na mwenye nayo hupanda treni apendavyo. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Lakini pasi hiyo yaweza kukiokolea chama fedha, na yaweza vile vile kukitia hasara. Tofauti ya mambo hayo mawili ni hesabu ya nusu saa, ifanywayo mezani kwa katibu kabla hati ya malipo haijatiwa sahihi.

MAANA YA PASI

Kwanza yafaa kuondoa utata wa neno. Zamani watu wengi waliita hati ya kusafiria "pasi", na hata leo wapo waitao hivyo. Pasi inayozungumzwa hapa si hati ya kusafiria, wala haichukui nafasi yake. Ni tiketi ya jumla. Tiketi ya kawaida humruhusu msafiri kutoka stesheni moja hadi nyingine mara moja. Pasi humruhusu kusafiri mara nyingi katika eneo lililotajwa, kwa idadi ya siku zilizotajwa, bila kukata tiketi upya kila safari.

Pasi za namna hii ni za miaka mingi. Eurail, ambayo leo hutumika katika nchi zaidi ya 30 za Ulaya, ilianza mwaka 1959 kwa wageni watokao nje ya bara hilo. Mwaka 1972 ikaanzishwa Interrail kwa ajili ya wakazi wa Ulaya wenyewe. Uingereza ina pasi yake iitwayo BritRail, nayo Japani ilianza kuuza Japan Rail Pass mwaka 1981.

Mashirika ya reli hayauzi pasi hizi kwa hisani. Treni hukimbia kwa ratiba, ijae au isijae, na kiti kilichokaa kitupu hakiingizi kitu. Mgeni akilipa fedha zake mapema, shirika limepata mapato ya hakika na nchi imepata fedha za kigeni. Mgeni naye hupata nafuu iwapo anasafiri sana. Asiyesafiri sana huwa amelipia viti asivyovikalia.

NANI ANARUHUSIWA

Pasi nyingi za watalii huuzwa kwa wageni peke yao, kwa sababu mkazi aendaye kazini kila siku angeitumia pasi hiyo kukwepa nauli yake ya kawaida. Katika jambo hili makatibu hawana budi kuangalia mambo mawili.

La kwanza ni makazi. Kwa pasi za Ulaya kinachotazamwa ni mahali mtu anapoishi. Mjumbe aishiye Bariadi hununua Eurail. Lakini mtoto wa mwanachama asomaye Ujerumani, na aliyepata kibali cha kukaa huko, ni mkazi wa Ulaya ingawa ni raia wa Tanzania. Yeye anunue Interrail. Kadhalika BritRail haiuzwi kwa mkazi wa Uingereza.

La pili ni aina ya ruhusa ya kuingia nchini. Japani ndiyo yenye mkazo zaidi. Mgeni huonyesha hati yake ya kusafiria, na muhuri uliogongwa humo sharti useme kwamba ameingia kama mgeni wa muda mfupi. Aliyeingia kwa hadhi ya mwanafunzi wa mafunzo ya kazi hapewi pasi, hata kama mafunzo yake ni ya wiki chache. Kwa hiyo chama kisinunue pasi ya Japani kwa mjumbe wa mafunzo kabla ya kujua viza yake ni ya aina gani.

KWA NINI HUNUNULIWA KABLA

Kwa desturi pasi hizi ziliuzwa nje ya nchi zinakotumika, na mgeni alikwisha kuwa nayo mkononi, au alikuwa na hati ya kuibadilishia, kabla ya kupanda ndege. Siku hizi nyingi hununuliwa kwa intaneti, na baadhi hupatikana hata baada ya kufika. Pamoja na hayo, kununua kabla kunabaki kuwa jambo la busara. Malipo hufanywa kwa kadi ya benki, na ni rahisi kwa chama kusimamia malipo hayo yakiwa nyumbani kuliko mjumbe akiwa peke yake ugenini. Katibu hupata uthibitisho wa malipo na kuuweka katika jalada siku hiyo hiyo. Isitoshe, nafasi za kukaa katika baadhi ya treni hujaa mapema.

Hata hivyo kununua kabla si kununua kwa pupa. Viza itangulie. Mjumbe akinyimwa viza baada ya pasi kulipiwa, chama huingia katika mashaka ya kudai fedha zake. Pasi nyingi ambazo hazijaanza kutumika hurudishiwa fedha kwa kukatwa sehemu yake, lakini zile ziuzwazo kwa punguzo maalumu aghalabu hazirudishwi kabisa. Katibu asome masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa.

HESABU YENYEWE

Mkulima mwenye ekari 3 hanunui mbegu za ekari 10 kwa kuwa tu bei ya jumla ni nafuu. Zile zinazobaki ni fedha iliyolala ghalani. Pasi ya reli ni vivyo hivyo.

Kwa mfano ulio karibu, Wilaya ya Bariadi haina reli, na mwanachama atakaye treni huenda Malampaka wilayani Maswa, au Shinyanga, au Mwanza. Lakini wengi wamekwisha kuisikia, na wengine kuipanda, treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ingekuwapo pasi ya wiki moja kwa shilingi 150,000. Mjumbe aendaye Dodoma na kurudi angetumia shilingi 62,000 kwa tiketi za kawaida. Akinunua pasi amepoteza shilingi 88,000. Ili pasi imfae ingempasa kusafiri mara 5, maana safari 5 ni shilingi 155,000. Kabla ya safari ya 5, kila shilingi ya nafuu anayodhani ameipata ni ya mawazoni.

Japani inaonyesha jinsi hesabu hii inavyoweza kugeuka bila mtu kuangalia. Hadi Septemba 2023 pasi ya siku 7 ya daraja la kawaida iliuzwa kwa yen 29,650. Nauli ya treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yen 14,000. Kwenda na kurudi ni kama yen 28,000. Mgeni aliyefanya safari hiyo moja alikuwa karibu amekwisha kurudisha bei ya pasi, na safari fupi yoyote iliyoongezeka ikawa faida. Watu wakaambiana kwamba pasi ya Japani ni lazima. Tarehe 1 Oktoba 2023 bei ikapandishwa hadi yen 50,000, yaani nyongeza ya karibu asilimia 69. Mgeni wa Tokyo na Kyoto aliyefuata ushauri wa zamani alitumia yen 22,000 zaidi ya zilizohitajika. Ushauri ulikuwa wa kweli wakati wake. Kilichobadilika ni bei. Kwa hiyo katibu asitumie bei aliyosimuliwa na mjumbe wa miaka iliyopita. Atafute bei ya wiki ile ile anayonunua.

MFANO WA SAFARI YA MJUMBE

Tuchukue chama cha msingi cha wakulima wa pamba kilichoamua kumpeleka mjumbe mmoja Ulaya kwa siku 10 ili aone asili ya ushirika. Atafika London kwa ndege. Kutoka hapo ataenda Manchester, na karibu na Manchester ataona Rochdale, ambako tarehe 21 Desemba 1844 wale Waanzilishi walifungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane. Jengo hilo leo ni makumbusho. Kisha ataenda Brussels, yalipo makao ya Muungano wa Kimataifa wa Ushirika ulioanzishwa mwaka 1895. Mwisho ataenda Neuwied nchini Ujerumani, kwa kuwa Heddesdorf, ambako Raiffeisen aliunda chama cha mikopo mwaka 1864, sasa ni sehemu ya mji huo. Ndege ya kurudi itamchukua Frankfurt.

Eurail hutumika katika nchi zote tatu hizo. Katika aina zake ipo ya siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, na zipo za siku nyingi zaidi. Siku hizo si lazima zifuatane. Katibu akae na mjumbe, waandike safari zote kwa mfuatano:

Siku ya kwanza ya kusafiri: London hadi Manchester.

Siku ya pili: Manchester hadi London, na siku hiyo hiyo London hadi Brussels.

Siku ya tatu: Brussels hadi Köln, na Köln hadi Neuwied.

Siku ya nne: Neuwied hadi Frankfurt.

Safari ya Manchester hadi Rochdale haikuwekwa hapo kwa makusudi. Ni safari fupi na nauli yake ni ndogo, hivyo mjumbe aikatie tiketi ya kawaida. Akiitumia siku ya pasi kwa safari hiyo, amelipa bei ya safari ndefu kwenda mahali pa karibu, na siku za pasi zitamwishia kabla hajafika Frankfurt. Kwa upande mwingine, safari ndefu mbili zimewekwa ndani ya siku ya pili, kwa sababu siku moja ya pasi huruhusu treni zote za siku hiyo. Huo ndio ufundi wote wa pasi ya siku za kuchagua: safari ndefu zikusanywe ndani ya siku chache, na safari fupi zilipiwe peke yake.

Baada ya hapo katibu achore safu mbili. Katika safu ya kwanza aandike bei ya pasi, pamoja na ada zote za kuweka nafasi. Katika safu ya pili aandike nauli ya kila safari kama ingenunuliwa tiketi moja moja, kwa bei ya kununua mapema, siyo bei ya dirishani siku ya safari. Hapa wengi hukosea. Huko Ulaya tiketi ya treni ndefu ikinunuliwa wiki kadhaa kabla yaweza kuwa nafuu mno kuliko ile inunuliwayo saa ya kuondoka. Anayelinganisha pasi na bei ya dirishani huiona pasi kuwa rahisi sikuzote.

Iwapo safu ya pili ni ndogo, na tarehe za mjumbe zimekwisha kupangwa wala hazitabadilika, zinunuliwe tiketi moja moja. Iwapo safu ya kwanza ni ndogo, inunuliwe pasi. Zikilingana, pasi ina ubora mmoja: mjumbe aliyechelewa na kikao aweza kupanda treni nyingine, ilhali tiketi ya bei nafuu huwa ya treni moja tu.

YASIYOMO NDANI YA PASI

Jambo la kwanza ni nafasi ya kukaa. Pasi ni ruhusa ya kusafiri, si ahadi ya kiti. Treni ya Eurostar ipitayo chini ya bahari kutoka London, treni za mwendo kasi za Ufaransa na Hispania, na treni za kulala usiku, hudai nafasi iwekwe mapema kwa ada ya ziada. Tena Eurostar hutenga viti vichache tu kwa wenye pasi. Katika Ujerumani, Uholanzi na sehemu kubwa ya Uingereza treni nyingi hupandwa bila sharti hilo. Kwa hiyo mjumbe wa mfano huu aweke nafasi ya London hadi Brussels mara tu baada ya kununua pasi. Kutoka Brussels hadi Köln aweza kuchagua treni ya Ujerumani ambayo kwa kawaida haidai ada hiyo.

Jambo la pili ni mabasi na treni za mijini. Usidhaniwe usafiri wote wa mji umo ndani ya pasi. Mjumbe apewe fedha kidogo za kazi hiyo.

Jambo la tatu ni mpaka. Pasi ya reli haifungui mpaka wa nchi. Mtanzania aendaye Uingereza na kisha Ubelgiji huhitaji viza mbili mbali mbali. Ukaguzi wa hati za kusafiria kwa treni ya Brussels hufanywa katika stesheni ya London kabla ya kupanda. Treni itokayo Manchester humshusha mjumbe stesheni ya Euston, na ile ya Brussels huondokea St Pancras. Si mbali kwa miguu, lakini aachiwe saa za kutosha kati ya treni hizo mbili.

KUIANZISHA PASI NA KUSOMA SAA

Pasi iliyonunuliwa haifanyi kazi mpaka ianzishwe. Nyingi siku hizi hukaa katika simu. Mjumbe huchagua tarehe ya kuanza, na kila siku ya kusafiri huiandikisha safari yake kabla ya kupanda. Mkaguzi akimkuta ndani ya behewa na siku haijaandikishwa, humhesabu kuwa hana tiketi na humtoza faini, ingawa pasi ilikwisha kulipiwa. Jina katika pasi lilingane herufi kwa herufi na lile la hati ya kusafiria, kwa kuwa mkaguzi ana haki ya kuzitaka zote mbili. Simu iwe na chaji, na mjumbe awe na njia ya kuingia intaneti.

Saa nazo huwakosesha wengi. Ratiba za huko huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Saa 14:35 ya ratiba ni saa 8 na dakika 35 mchana. Siku ya pasi huanza saa 00:00, ndiyo saa 6 usiku, na kuisha usiku unaofuata saa kama hiyo. Anayepanda treni ya kawaida saa 5 usiku na kuteremka saa 7 aangalie masharti vizuri, asije akatumia siku mbili kwa safari moja.

WAJIBU WA KATIBU

Matumizi ya safari yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na uamuzi wa kununua pasi au tiketi uandikwe katika muhtasari wa Bodi pamoja na zile safu mbili za hesabu. Katibu afuate utaratibu huu:

1. Apate barua ya mwaliko na ratiba kamili ya mjumbe.

2. Asubiri viza ipatikane, na aangalie ni ya aina gani.

3. Alinganishe bei ya pasi na bei ya tiketi za mapema.

4. Asome masharti ya kurudishiwa fedha.

5. Alipe, achape uthibitisho wa malipo, na auambatanishe na hati ya malipo.

6. Aweke nafasi katika treni zinazodai hivyo, na ada zake ziingizwe katika hesabu ile ile.

7. Mjumbe akirudi, alete orodha ya safari alizofanya kwa pasi, ili Bodi ione kama hesabu ilikuwa sahihi.

Kipengele cha 7 kisidharauliwe. Ikiwa kilo ya pamba yauzwa shilingi 1,000, pasi ya shilingi 800,000 ni kilo 800 zilizochumwa kwa mikono, zikabebwa na kupimwa kwenye mizani ya chama. Mwanachama aliyezileta hataiona Rochdale wala Neuwied. Anachoweza kukiona ni daftari, na ana haki ya kulikuta limeandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari.